Kuizunguka rasi ya Cape na watoto watatu na bibi yao: je, upepo utaturuhusu?

Swali: Desemba hii tutakuwa Cape Town siku nne. Tuko sita: mimi, mume wangu, watoto wa miaka 2, 7 na 13, na mama mkwe ambaye magoti yanamsumbua. Tumekodi gari la viti saba, tunataka kushuka hadi Cape Point, nchani mwa rasi, na kurudi siku hiyohiyo. Shemeji yangu aliyewahi kufika anasema upepo wa huko Desemba unabeba watu, bora tubaki mjini. Twende au tuache? Na tukienda, tuanzie upande upi?

Jibu: Nendeni, dada. Shemeji hajadanganya. Upepo huo upo, na Desemba ndiyo enzi yake. Ila kuna jambo hakukwambia: rasi ile ni nyembamba, ina mbavu mbili, na ni nadra upepo kuzipiga zote mbili kwa nguvu ileile saa ileile. Nimeendesha wageni pale miaka mingi, wengi wao familia kama yenu kutoka Afrika Mashariki. Safari nilizoona zikiharibika ni za watu waliotoka kitandani saa 3 asubuhi wakaenda kukutana na upepo umeshashiba.

Tuanze na upepo wenyewe. Sisi Desemba tunaijua kwa kaskazi. Kule Desemba ni katikati ya kiangazi, na upepo unatoka kusini-mashariki. Juu ya Atlantiki ya kusini kuna eneo kubwa la mgandamizo mkubwa wa hewa, ambalo kiangazi husogea kusini zaidi na kupitisha mkono wake chini ya bara. Hewa inayolizunguka huipiga Cape kutoka kusini-mashariki, kisha milima huibana na kuiongezea kasi. Wenyeji huuita Daktari wa Cape, kwa kuwa hufagia moshi na hewa chafu juu ya mji. Unaweza kuvuma siku tatu mfululizo. Hata hivyo una saa zake. Mara nyingi alfajiri huwa mpole, kisha hupanda kadiri jua linavyopasha nchi kavu, na alasiri ndipo unapofikia ukali wake. Ratiba nzima nitakayokupa imejengwa juu ya hilo.

Kama ni faraja kwenu, upepo huohuo ulimsumbua Vasco da Gama. Novemba 1497 aliiona Rasi ya Tumaini Jema akashindwa kuipita, akahangaika siku nne na upepo wa mbele hadi ulipomruhusu. Aprili iliyofuata alikuwa Malindi. Mtoto wenu wa miaka 13 bila shaka amesoma habari hizo darasani. Mwacheni awasimulie nyie mkiwa pale pale ilipotokea, atajisikia mtu mkubwa.

Sasa upande wa kuanzia. Shukeni kwa mashariki, upande wa ghuba ya False Bay, mrudi kwa magharibi, upande wa Atlantiki. Nina sababu mbili. Ya kwanza ni upepo wenyewe. Ghuba iko wazi kabisa kwa kusini-mashariki, kwa hiyo ipiteni asubuhi wakati bado umelala. Alasiri unapoamka, nyie mmeshavuka, milima iko kati yenu na upepo. Mabaharia wa kwetu wangesema asubuhi mko goshini na alasiri mmehamia demani. Sababu ya pili ni ya barabara. Afrika Kusini wanaendesha kushoto kama sisi, na ukishuka mashariki na kupanda magharibi, bahari inakuwa kushoto kwako safari nzima. Kila mnapotaka kuchepuka kutazama au mtoto anapolia haja ndogo, mnaingia kwenye maegesho bila kukata mbele ya magari yanayokuja. Kasoro yake ni kwamba kwenye barabara ya Chapman's Peak mtakuwa njia ya nje, upande wa bonde. Kama mumeo ana kizunguzungu cha vimo virefu, wewe ndiye ushike usukani kipande hicho.

Mzunguko mzima kutoka katikati ya mji ni kama kilomita 150. Kwa maandishi ni safari fupi. Kwa watoto watatu na bibi ni siku nzima.

Asubuhi kabla ya kutoka, tazameni Mlima Meza. Ukiona wingu jeupe limetandikwa juu yake na kuning'inia pembeni kama kitambaa, kusini-mashariki imeshaanza kazi. Ni hewa yenye unyevu inayosukumwa kupanda mlima, inapoa na kuwa wingu, halafu ikishuka upande wa mji inapata joto na wingu linayeyuka. Ndiyo maana kitambaa kinamwagika muda wote na hakifiki chini. Angalieni pia utabiri wa Cape Point yenyewe, maana wa mjini hautoshi. Kipimo changu ni hiki: chini ya kilomita 30 kwa saa, nendeni mkicheka, kati ya 30 na 50, nendeni ila msikae sana juu ya majabali, zaidi ya 50, badilisheni siku. Mna siku nne, msiifunge safari hii kwenye tarehe moja tangu nyumbani. Ila kati ya tarehe 26 Desemba na 2 Januari nisingewashauri kabisa, upepo uwepo usiwepo, kwa sababu mji mzima unahamia ufukweni na barabara ya Kalk Bay inageuka maegesho.

Tokeni saa 12 na nusu asubuhi. Msiogope giza, wakati huo jua limeshachomoza zaidi ya nusu saa. Shikeni barabara ya M3 hadi Muizenberg. Kama mnatokea upande wa uwanja wa ndege na programu ya ramani ikawaelekeza Baden Powell Drive, msiifuate siku ya upepo. Barabara ile inapita pembeni mwa vilima vya mchanga, na mchanga huhamia barabarani hadi wanaifunga. Muizenberg ina vibanda vya mbao vya rangi kali na mawimbi mapana ya taratibu ambayo wanaoanza kujifunza kuteleza juu ya mawimbi wanayapenda. Simameni dakika 20 za picha. Mtaona bendera. Pale na Fish Hoek kuna watu wanaokaa mlimani kuangalia papa, kazi iliyoanza 2004. Kijani maana yake wanaona vizuri na hakuna papa, nyeusi, maji hayaonekani vizuri, nyekundu, tahadhari, nyeupe yenye picha ya papa pamoja na king'ora, tokeni majini wakati huohuo. Mfundisheni wa miaka 7 rangi hizo mkiwa garini, atawalinda wote.

Kutoka hapo M4 inaambatana na reli na bahari, St James, Kalk Bay, Fish Hoek. Ni nzuri na nyembamba. Msisimame kila mahali, mkiwaza Simon's Town.

Simon's Town ndipo ningewapa muda. Ni mji wa jeshi la wanamaji, na kwenye uwanja wa Jubilee kuna sanamu ya mbwa mkubwa aliyeitwa Just Nuisance, aliyeandikishwa rasmi katika jeshi la wanamaji la Uingereza mwaka 1939. Hiyo ni ya dakika tano. Mbele kidogo ni Boulders, kwa pengwini. Mkifika lango linapofunguliwa mtakuwa mmeyatangulia mabasi. Ombeni njia ya mbao ya kwenda Foxy Beach. Ni tambarare, ina kingo, mama mkwe ataitembea polepole bila ngazi za kumtesa, na pengwini wako hatua mbili kutoka kwenye kingo. Walianza kuzaliana pale miaka ya mwanzo ya 1980 wakiwa jozi mbili tu. Leo ukiwasikia, utadhani kuna punda amejificha vichakani. Desemba mtakuta wengine wamesimama wamenyong'onyea, manyoya yamechakaa kama godoro lililopasuka. Hawaumwi. Wananyonyoka, na kwa wiki kama tatu hawaingii majini kwa kuwa manyoya mapya hayajaweza kuzuia maji. Tangu 2024 pengwini hawa wa Afrika wamewekwa katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa hiyo msiwashike, na isitoshe mdomo wao unakata. Na kabla ya kuwasha gari, inameni mtazame chini yake. Hupenda kivuli cha magurudumu.

Kama watoto wanataka kuoga baharini, waoge upande huu, asubuhi hiyo. Ghuba kiangazi hufika karibu nyuzi 20. Upande wa pili maji yanaweza kuwa nyuzi 10 au 12 hata jua likiwaka, na mwenye lawama ni upepo uleule: kusini-mashariki husukuma maji ya juu yaliyopata joto kwenda mbali na pwani, na ya chini yenye baridi hupanda kujaza nafasi. Kadiri siku inavyokuwa ya jua na upepo, ndivyo fukwe nzuri za Camps Bay zinavyozidi kuwa na maji ya barafu. Wageni huona kama uchawi.

Jazeni mafuta kabla ya kuondoka Simon's Town, ndani ya hifadhi ya Cape Point hakuna kituo. Lango la Cape Point Desemba hufunguliwa saa 12 asubuhi. Wageni hulipa mara kadhaa ya wanacholipa raia, jiandaeni kisaikolojia na kwa kadi ya benki. Lengeni kupita lango kabla ya saa 4.

Hapa naomba nikucheleweshe kwenye jambo moja dogo, mlango wa gari. Mwaka wangu wa kwanza pale nilikuwa na familia yangu na gari la kukodi. Nikaegesha juu, maegesho ya Cape Point, matako ya gari yakiangalia upepo. Mke wangu akafungua mlango kiasi cha kupitisha mguu, upepo ukaingia nyuma ya mlango, ukaunyakua mkononi mwake, ukaupeleka mbele mpaka ukagonga bodi. Ile sauti ya bawaba ikipinda, kama mtu anavunja muwa, bado naisikia. Mlango ukakataa kufunga. Tuliufunga kwa kanga yake, kutoka kwenye kishikio hadi kwenye mkanda wa kiti, tukarudi mjini mwendo wa maiti huku kanga inapiga kelele. Kampuni ikatutoza, kwani mkataba wetu haukuhesabu upepo kuwa ajali. Kwa hiyo someni mkataba wenu kabla ya kusaini. Na kila mnapoegesha, geuzeni pua ya gari ielekee upepo. Hapo upepo unausukuma mlango ujifunge badala ya kuung'oa. Sasa hatari inahamia kwenye vidole, hivyo sheria iwe kwamba watoto na bibi hawafungui mlango. Mtu mzima mmoja anatoka kwanza, anashika mlango kwa mikono miwili, ndipo wengine wanateremka, na upande mmoja tu kwa wakati. Milango miwili iliyo wazi pande zote itatoa kila karatasi, kofia na nepi iliyomo ndani ya gari.

Kigari cha mtoto kiacheni kwenye buti. Nimeona kimoja kikiondoka chenyewe kwenye maegesho yale. Kwa rehema ya Mungu hakikuwa na mtu. Wa miaka 2 mbebeni mgongoni kwa mbeleko. Wazazi wetu walilimaliza tatizo hili zamani. Kofia ziwe na kamba chini ya kidevu, na mafuta ya kukinga jua yapakwe hata kama mnasikia baridi, kwa sababu upepo unaficha jinsi jua linavyochoma.

Pale juu kuna mnara wa taa wa mwaka 1860. Ulijengwa juu mno, ukawa unamezwa na ukungu, na mwaka 1911 meli ya Kireno Lusitania ikapasuka kwenye mwamba jirani. Ndipo ukajengwa mwingine chini zaidi, mita 87 tu juu ya bahari. Kuna kireli kinachopandisha watu, na mama mkwe anaweza kukipanda, lakini kinapoishia bado kuna ngazi hadi mnarani. Mwambieni mapema asije akaona aibu ya kurudia katikati. Binafsi ningemwacha afurahie mandhari ya kituo cha juu na mmoja wenu abaki naye. Akitaka kupiga picha ya kuwaringia wenzake, mpelekeni chini kwenye ubao wa Rasi ya Tumaini Jema. Gari linafika karibu kabisa, ni hatua chache, na ubao unasema ukweli: ni ncha ya kusini-magharibi zaidi ya bara. Ncha ya kusini kabisa ni Agulhas, mwendo wa zaidi ya kilomita 200 kwa barabara kutoka mjini, na huko ndiko mpaka rasmi wa Atlantiki na Bahari ya Hindi ulipo. Mtu akiwaambia mtauona mstari wa bahari mbili zikikutana Cape Point, mwitikieni kwa adabu tu.

Nyani wa pale hawana mzaha. Wanafungua milango ambayo haijafungwa kwa loki, wanajua mfuko wa plastiki maana yake ni chakula. Msile nje kwenye maegesho hayo, vioo juu, loki zote zimebonyezwa. Nyani akishaushika mkate wa mtoto, mtoto auachie. Kuwalisha ni kosa la kisheria, na hugeuka hukumu ya nyani mwenyewe, kwani akizoea kupora watu huishia kuuawa.

Ikifika saa 7 mchana muwe mnatoka hifadhini. Njia ya kurudi ni M65, kupitia Scarborough, Misty Cliffs na Kommetjie. Gari lenu la viti saba ni refu na pana ubavuni, na kwenye mapengo kati ya vilima upepo hulipiga kibao cha ghafla. Punguzeni mwendo, mikono miwili kwenye usukani, msizidishe kukata kona pale upepo unapoachia. Sehemu za Witsands mchanga huvuka lami. Kommetjie kuna mnara mweupe wa chuma wa Slangkop, mita 33, uliowashwa mwaka 1919. Hapo ndipo pa kula, mkiwa mmekinga mgongo na upepo, mawimbi mbele na mwani mkubwa unaelea kama mabomba ya mpira.

Wa miaka 7 mpeni chakula kikavu na maji kidogo tu, soda isubiri, maana kinachofuata ni Chapman's Peak: kilomita 9, kona 114, barabara iliyochongwa ukutani mwa mlima kati ya 1915 na 1922. Nunueni tangawizi kwa wanaochafuka moyo, na wa miaka 13 aweke simu chini atazame mbali. Ni ya kulipia, na malipo yako upande wa Hout Bay. Baada ya mawe kuporomoka ilifungwa mwaka 2000, ikafunguliwa tena 2003 ikiwa na nyavu za chuma na paa za zege juu ya baadhi ya vipande. Ipiteni alasiri bila haraka. Jua Desemba linazama karibu saa 2 usiku, jambo ambalo wageni wa kutoka ikweta hulisahau na kukimbia bure.

Hout Bay isiwadanganye, pana mdomo wa bonde unaovuta upepo. Mkitaka ufuo uliotulia jioni, songeni hadi Llandudno, au Clifton ambako kilima cha Lion's Head kinakinga. Kuloweka miguu tu kunatosha.

Mambo ya karatasi ni machache. Leseni zenu zilizoandikwa kwa Kiingereza na zenye picha zinakubalika. Aliye na leseni ya Kifaransa, kama jirani zetu wa Kongo, achukue kibali cha kimataifa kwao kabla ya kusafiri. Mtoto wa chini ya miaka 3 lazima awe kwenye kiti chake, ni sheria tangu 2015, kwa hiyo kama hamkuomba kiti mlipokodi gari, ombeni sasa, msisubiri kaunta. Msiache begi likionekana kwenye kiti popote mnapoegesha, na muwe na sarafu za randi kwa walinzi wa magari wenye vizibao.

Na Chapman's Peak hufungwa bila kuomba ruhusa, mvua ikinyesha au mawe yakitishia. Mbao za umeme kabla ya Noordhoek zitawaambia. Zikisema imefungwa, msikae kwenye foleni kungoja. Geukeni Ou Kaapse Weg, inapanda milima ya Silvermine na kuwashusha upande wa M3. Ina kona zake na juu kabisa kuna upepo, lakini ni pana, na bibi hatafumba macho.